Uzi: Luteni Jenerali mstaafu Daniel Opande na kazi ya kuongoza askari, kutoka Namibia hadi Liberia

Mwanzisha uzi, Nairobi West

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Kila tunapozungumza juu ya maafisa wa jeshi letu hapa Nairobi, mazungumzo huishia kwenye jaribio la mapinduzi la Agosti 1982: nani aliikomboa redio ya Sauti ya Kenya, nani alibaki mwaminifu kwa serikali, nani alipandishwa cheo baadaye. Hiyo ni historia muhimu, lakini imefunika nyingine ambayo mimi naiona nzito zaidi. Naomba tujadili maisha ya kijeshi ya Luteni Jenerali mstaafu Daniel Ishmael Opande, Mkenya aliyeshika nyadhifa za juu katika misheni nne za Umoja wa Mataifa: naibu kamanda wa vikosi Namibia mwaka 1989 hadi 1990, mkuu wa waangalizi wa kijeshi Liberia mwaka 1993 hadi 1995, kamanda wa vikosi Sierra Leone kuanzia mwishoni mwa mwaka 2000, kisha kamanda wa vikosi Liberia kwa mara ya pili kuanzia Oktoba 2003.

Hoja yangu ni moja. Nikizisoma misheni hizo nne kwa mfululizo, naona somo lile lile likirudi: mkataba wa amani hauna nguvu mahali ambapo askari wa miguu hajafika, na kufika mapema, kwa idadi ya kutosha, kwa silaha na kwa ruhusa ya kuzitumia, ndiko kunakopunguza risasi zinazopigwa. Opande aliliona somo hilo likipuuzwa mara mbili kabla ya kupewa nafasi ya kulitekeleza yeye mwenyewe.

Kwanza tukumbuke alitoka kizazi gani. Maafisa wa kizazi hicho ndio waliolirithi jeshi la kikoloni la King's African Rifles lilipogeuzwa kuwa Kenya Rifles wakati wa uhuru, Desemba 1963. Haukupita hata mwezi na nusu kabla ya kikosi cha Lanet kuasi, tarehe 24 Januari 1964, na mpaka mwaka 1966 jeshi hilo lilikuwa bado chini ya kamanda Mwingereza, alipokabidhiwa Joseph Ndolo. Wakati huo huo vita vya shifta vilikuwa vinaendelea Kaskazini Mashariki, kuanzia mwaka 1963 hadi 1967. Kijana aliyevaa nyota begani katika miaka hiyo alifundishwa kazi kwa miguu: platuni ya watu thelathini hivi, doria katika nchi kavu isiyo na barabara, adui asiyeonekana, na wananchi wanaowaogopa wote wawili. Naamini tabia ya kamanda hujengwa hapo, kabla hajapewa ramani kubwa na simu ya setilaiti.

Namibia nitaipitia kwa kifupi, ingawa ndiko somo la kwanza lilikotoka. Azimio nambari 435 la Baraza la Usalama, lililoweka mpango wa uhuru wa Namibia kutoka Afrika Kusini, lilipitishwa mwaka 1978, likakaa kwenye makabati zaidi ya miaka kumi. Utekelezaji ulipofika, wanajeshi waliokuwa wamepangwa kufika 7,500 walipunguzwa hadi 4,650 kwa sababu ya gharama, na bajeti ikachelewa kupitishwa. Tarehe 1 Aprili 1989, siku ya kwanza ya kazi, wapiganaji wa SWAPO, chama cha ukombozi wa Namibia, waliingia kaskazini mwa nchi kutoka Angola huku sehemu kubwa ya walinda amani wakiwa bado hawajawasili. Mwakilishi wa Katibu Mkuu, Martti Ahtisaari, alilazimika kuridhia wanajeshi wa Afrika Kusini watoke kambini, na wapiganaji zaidi ya 300 wa SWAPO wakauawa katika siku chache. Mkutano wa Mount Etjo, tarehe 9 Aprili, ndio uliouokoa mpango mzima. Baadaye mambo yalinyooka: kikosi cha Kenya, pamoja na vya Finland na Malaysia, vilisambaa nchini, uchaguzi wa Novemba ulipata wapigakura zaidi ya asilimia 95, na Namibia ikawa huru tarehe 21 Machi 1990. Namibia husifiwa kama misheni iliyofaulu, na ni kweli ilifaulu. Lakini yale ya wiki ya kwanza yalitokana na kuchelewa kwa askari, na naibu kamanda aliyetokea Kenya aliyaona kwa macho yake.

Mwanzisha uzi, Nairobi West

Naendelea na Liberia ya kwanza, kwa sababu bila hiyo hatuwezi kumwelewa kamanda tuliyemwona Sierra Leone.

Mkataba wa Cotonou wa kusitisha vita vya Liberia ulitiwa saini tarehe 25 Julai 1993. Azimio nambari 866 la Septemba mwaka huo likaunda UNOMIL, misheni ya waangalizi wa kijeshi wapatao 300, na Opande, wakati huo Meja Jenerali, akawa mkuu wao. Zingatieni neno waangalizi. Hawakuwa na bunduki. Ulinzi wao uliachiwa ECOMOG, jeshi la nchi za Afrika Magharibi lililokuwa tayari Liberia, ambalo makundi mengine, hasa NPFL ya Charles Taylor, yalilihesabu kuwa adui. Kwa hiyo mtu asiye na silaha alipelekwa kuhesabu silaha za mtu asiyetaka kuzisalimisha, akilindwa na mtu wa tatu ambaye yule wa pili anapigana naye.

Septemba 1994 NPFL iliwakamata waangalizi 43 katika vituo mbalimbali, pamoja na wafanyakazi wa misaada. Walinyang'anywa magari na redio, na baadhi yao wakatendewa vibaya kabla ya kuachiliwa. Usalimishaji wa silaha ukakwama, na sehemu kubwa ya misheni ikarudi Monrovia. Opande aliondoka mwaka 1995 vita vikiwa bado havijaisha, na Aprili 1996 Monrovia yenyewe ikawaka moto.

Kuna watu wanaolihesabu jambo hilo kuwa doa katika kazi yake. Mimi siafiki. Afisa wa jeshi hupimwa kwa alichokifanya na nguvu aliyopewa, na hapa hakupewa nguvu yoyote. Nalitaja kwa sababu nyingine: mwaka 2003 mtu huyo huyo alirudishwa Monrovia, safari hii akiwa na idhini ya wanajeshi 15,000.

Mchangiaji wa Umoja

Ndugu mwanzisha uzi, nakushukuru kwa mada hii. Kabla hujafika Sierra Leone, naomba niweke pingamizi mapema. Tumezoea kuambiwa kwamba Umoja wa Mataifa ulimaliza vita vya Sierra Leone. Ukweli ni kwamba Mei 2000 UNAMSIL, misheni ya Umoja wa Mataifa nchini humo, ilidhalilishwa mbele ya dunia nzima, askari wake wapatao 500 wakakamatwa na waasi wa RUF, wakiwemo Wakenya. Waingereza ndio walioteremka Freetown mwezi huo na kulizuia jiji lisitekwe, na ndio waliolipiga kundi la West Side Boys mwezi Septemba. Guinea nayo iliishambulia RUF mpakani mwanzoni mwa mwaka 2001 na kuiumiza vibaya. Mwezi Machi mwaka huo Baraza la Usalama likamwekea Taylor, wakati huo rais wa Liberia na mfadhili wa RUF, vikwazo kwa azimio nambari 1343, na njia ya almasi na silaha ikabanwa. Opande alimkuta adui ameshavunjwa mgongo. Sasa kwa kipimo gani tunamwita kamanda?

Mwanzisha uzi, Nairobi West

Ndugu wa Umoja, pingamizi lako ni la haki, na kila ulichokitaja kilitokea. Naomba nikijibu kwa kueleza jinsi mambo yalivyokwenda, maana kiini cha uzi huu kipo hapa.

RUF ilianza vita Machi 1991 ikitokea Liberia. Mkataba wa Lomé wa Julai 1999 ulimpa kiongozi wake, Foday Sankoh, hadhi ya makamu wa rais na uenyekiti wa tume iliyosimamia madini, yaani almasi zile zile alizokuwa akipigania. UNAMSIL ikaundwa Oktoba 1999 kwa azimio nambari 1270 ikiwa na wanajeshi 6,000, na Wakenya walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Walipelekwa Makeni na Magburaka, katikati ya ngome ya RUF, wakiwa wametawanywa kwa vikundi vidogo, kila kikundi mbali na mwenzake. Mwanzoni mwa Mei 2000 RUF ikavishambulia vituo vya kupokelea silaha. Wakenya walizingirwa, baadhi yao wakauawa. Kikosi cha Zambia kilichotumwa kuwasaidia kilikamatwa njiani.

Baada ya hapo misheni iliingia katika hali ambayo naona ilikuwa mbaya kuliko utekaji wenyewe. Kamanda wa wakati huo, Meja Jenerali Vijay Jetley wa India, aliandika waraka uliowatuhumu wakubwa kadhaa wa Nigeria, waraka ukavuja, na India ikaamua kuondoa wanajeshi wake wote. Jordan ikafuata. Hivyo Opande alipofika mwishoni mwa mwaka 2000 alikabidhiwa jeshi linalopoteza vikosi vyake bora, vikosi vilivyobaki havikuaminiana, na askari wake walikuwa wamejifunza kumwogopa mtu waliyetumwa kumpokonya silaha.

Waingereza waliizuia RUF isiingie Freetown. Guinea iliipiga mpakani. Lakini kati ya Freetown na mpaka kuna nchi nzima: Lunsar, Makeni, Magburaka, Kono na mashimo yake ya almasi, hadi Kailahun kule vita vilikoanzia. Mji ambao adui amechoka bado ni mji wa adui mpaka mtu mwingine aingie na kulala humo. Kuingia na kulala humo ni kazi ya askari wa miguu, na hakuna aliyeifanya isipokuwa jeshi hili lililokuwa limedharauliwa.

Angalieni utaratibu wenyewe. Mapatano ya Abuja ya kusitisha vita yalitiwa saini tarehe 10 Novemba 2000. Idadi ya wanajeshi ikaongezwa hadi 17,500 mwezi Machi 2001, na UNAMSIL ikawa misheni kubwa kuliko zote za Umoja wa Mataifa wakati huo. Haikukimbilia Kono kwenye almasi. Kwanza Lunsar, mwezi Machi. Kisha Makeni na Magburaka, pale pale ilipoaibishwa mwaka mmoja kabla. Mwezi Mei usalimishaji wa silaha ukaanza Kambia na Port Loko, RUF na wanamgambo wa upande wa serikali wakisalimisha kwa pamoja, wilaya baada ya wilaya, ili pasiwe na upande unaobaki mikono mitupu mbele ya mwenzake. Vikosi vya Pakistan vilipowasili vikapelekwa Kono mwezi Agosti. Kila hatua ilitanguliwa na mazungumzo na makamanda wa RUF walioshika eneo hilo, chini ya Issa Sesay aliyekuwa amechukua uongozi baada ya Sankoh kukamatwa, na kila hatua ilifuatwa na kikosi kizima chenye magari ya deraya, si kikundi cha waangalizi na bendera. Tarehe 18 Januari 2002 silaha zilichomwa moto hadharani Lungi, na Rais Kabbah akatangaza kwamba vita vimekwisha. Wapiganaji zaidi ya 70,000 walikuwa wamesalimisha silaha.

Adui aliyevunjika mgongo huweza kurudi msituni akaishi huko miaka kumi, na Afrika imeyashuhudia hayo mara nyingi. RUF haikurudi. Kipimo changu cha ukamanda ndicho hicho.

Mchangiaji wa Kahawa West

Nimesoma kwa makini, nami nataka kuongeza kwa sababu nilikuwa askari wa miguu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nilikwenda Sierra Leone baada ya mwaka 2000. Sitaji kikosi wala cheo.

Watu wakisikia usalimishaji wa silaha wanafikiria sherehe. Nitawaeleza ulivyokuwa. Kuna turubai, meza na mifuko ya mchanga. Mpiganaji anakuja na bunduki yake, mara nyingi AK-47 iliyofungwa kamba badala ya mkanda. Askari anamwelekeza ashushe mdomo wa bunduki kwenye mifuko ya mchanga, atoe magazini, avute mpini wa kukoki mara mbili kuhakikisha hakuna risasi chemba, kisha aiweke mezani. Anaulizwa maswali: alikuwa chini ya nani, alipigana wapi, alianza lini. Katika baadhi ya vituo alitakiwa aifungue bunduki na kuifunga tena, ili ijulikane kwamba si mwanakijiji aliyepewa silaha na mjomba wake apate fedha. Wapo walioifungua huku wakitazama pembeni, vidole vikijua njia vyenyewe, nao wakiwa wafupi kuliko meza ile. Hao walitengwa upande wao na kukabidhiwa mashirika ya watoto. Karibu watoto 7,000 walipita katika mpango huo.

Askari anayeisimamia meza hiyo ana bunduki yenye risasi, na huenda aliyempiga kombora rafiki yake mwaka uliopita ndiye anayesimama mbele yake. Hapo ndipo afisa anajulikana. Mkikuta kombania imetulia mahali kama hapo, jueni kuna kapteni anayepita kila lindo usiku, kuna meja anayemsikiliza kapteni, na mnyororo huo unapanda hadi juu. Jenerali Opande alikuwa na sifa ya kwenda mbele, kukaa na vikosi vilivyo mbali. Kwa askari wa kawaida, kumwona kamanda mkuu mahali ambapo chakula huchelewa kufika kunamaanisha mengi kuliko hotuba.

Mchangiaji wa Kayole

Shikamoo mzee wa Kahawa. Baba yangu alikuwa koplo, naye alikuwa Sierra Leone mwaka 2000. Amefariki sasa. Nyumbani hatukuwahi kusikia habari za Makeni kutoka kinywani mwake, alituonyesha tu bereti ya buluu na nishani. Naomba kuuliza swali ambalo huenda si la kitaalamu: askari waliozingirwa mwezi Mei walifundishwa kwamba wanakwenda kulinda amani. Je, waliruhusiwa kupigana? Nauliza kwa sababu niliwahi kumsikia mtu akisema kwamba Wakenya walijisalimisha bila kupigana, na maneno hayo yamenikaa moyoni.

Mchangiaji wa Kahawa West

Marahaba, binti yangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Aliyekuambia hivyo hakujua anachokisema. Azimio nambari 1270 liliruhusu matumizi ya nguvu, chini ya Sura ya Saba ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kwa ajili ya kujilinda na kuwalinda raia walio hatarini. Wakenya wa Makeni na Magburaka walipigana wakiwa wamezingirwa, kwa siku kadhaa, na risasi walizokuja nazo zilikuwa za kikosi kilichotarajia kupokea bunduki, si kuzijibu. Kosa lilikuwa la wakubwa walio juu ya koplo na juu ya meja: kuwaweka watu wachache mahali pasipo na njia ya kufikiwa upesi. Hilo mtu wa chini hawezi kulirekebisha kwa ushujaa, hata angekuwa nao kiasi gani. Baba yako alifanya kazi yake.

Mwanzisha uzi, Nairobi West

Dada wa Kayole, nakubaliana na mzee, na swali lako ni la kitaalamu kuliko unavyodhani. Ruhusa ilikuwepo kwenye karatasi. Kilichokosekana ni mpangilio wa vikosi ulioifanya ruhusa hiyo iwe na maana. Tofauti kati ya Mei 2000 na Mei 2001 haimo katika maneno ya azimio, imo katika ukubwa wa kikosi kilichoingia kila mji na katika akiba iliyokuwa nyuma yake, tayari kusogea.

Sasa Liberia ya pili. Taylor aliondoka Monrovia tarehe 11 Agosti 2003, mkataba wa Accra ukatiwa saini wiki iliyofuata, na azimio nambari 1509 la tarehe 19 Septemba likaunda UNMIL. Tarehe 1 Oktoba wanajeshi wapatao 3,500 wa Afrika Magharibi waliokuwa tayari Monrovia walivaa bereti za buluu, na Opande akawa kamanda wao. Kumbukeni alivyoondoka mwaka 1995, akiwa na waangalizi wasio na silaha. Safari hii alikuwa na Sura ya Saba na ahadi ya wanajeshi 15,000.

Lakini ahadi si wanajeshi. Tarehe 7 Desemba 2003 uongozi wa misheni ulifungua kituo cha kusalimisha silaha katika kambi ya Schieffelin, nje ya Monrovia, wakati sehemu kubwa ya vikosi ilikuwa haijawasili. Maelfu ya wapiganaji wa iliyokuwa serikali ya Taylor walimiminika kwa siku moja, kituo kikalemewa, wakadai fedha papo hapo, na ghasia zikasambaa mjini. Watu kadhaa walikufa. Zoezi likasimamishwa hadi Aprili 2004, vikosi vilipokuwa vimefika na kusambazwa, na kuanzia hapo likaendelea hadi mwishoni mwa mwaka huo. Waliosajiliwa walizidi 100,000, kila mmoja akiahidiwa dola 300 kwa awamu mbili, ilhali bunduki zilizopokelewa zilikuwa chini ya 30,000. Sababu ni kwamba risasi 150 zilitosha kumfanya mtu ahesabiwe mpiganaji, kwa hiyo bunduki moja na masanduku yake yaliweza kuwaingiza watu wengi. Naliandika hili waziwazi kwa sababu sitaki uzi huu uwe wa kusifu tu. Schieffelin ilikuwa haraka ya kisiasa iliyotangulia mbele ya askari, jambo lile lile la Namibia mwaka 1989, na safari hii lilitokea Opande akiwa ndiye kamanda wa vikosi. Uamuzi wa kuanza mapema ulikuwa wa misheni nzima chini ya Jacques Paul Klein, na sikubali abebeshwe peke yake, ila siwezi kumwondoa kabisa pia.

Mchangiaji wa South C

Hapo umegusa jambo ninalotaka tulipime: uwajibikaji wa kamanda ambaye askari si wake. Julai 2016 mapigano yalizuka Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, raia wakashambuliwa karibu na kambi za Umoja wa Mataifa, na wafanyakazi wa misaada wakatendewa unyama katika jengo la Terrain bila kuokolewa. Uchunguzi ulioongozwa na Meja Jenerali mstaafu Patrick Cammaert wa Uholanzi ukaona kwamba vikosi vya China, Ethiopia, India na Nepal havikufanya kazi chini ya amri moja. Novemba mwaka huo Ban Ki-moon akamwondoa kamanda wa vikosi, Mkenya, Luteni Jenerali Johnson Mogoa Kimani Ondieki, aliyekuwa ameteuliwa mwezi Mei tu. Kenya ilikasirika na kutangaza kuwaondoa wanajeshi wake wapatao 1,000. Je, tukimsifu Opande kwa Sierra Leone na kumpunguzia lawama za Schieffelin, halafu tukasema Ondieki alionewa, hatuwi tunachagua kipimo kwa kuangalia bendera?

Mwanzisha uzi, Nairobi West

Ndugu wa South C, ni haki kuuliza hivyo. Kamanda wa vikosi wa Umoja wa Mataifa hana uwezo wa kumpandisha cheo askari, wala wa kumshtaki, wala wa kumrudisha kwao kwa amri yake pekee. Nidhamu imebaki kwa nchi iliyomtuma. Kila mkuu wa kikosi ana simu inayopigwa katika mji mkuu wa nchi yake, na kabla ya kutekeleza amri ngumu huuliza huko. Kamanda anaweza kuamuru kikosi kitoke langoni, na kikosi kikasubiri jibu la simu hiyo mpaka jioni.

Kwa hiyo amri peke yake haitoshi. Inahitajika imani inayojengwa kabla ya siku mbaya. Opande alipata miezi kadhaa kati ya kuwasili kwake na hatua ya kwanza ya Lunsar, na akaitumia kutembelea vikosi, kuwaleta pamoja wakuu wa vikosi vya Nigeria, Bangladesh, Ghana, Kenya na wengineo, na kuanza na hatua ndogo ambayo haikuwa rahisi kushindwa. Ondieki alipata wiki chache tu kabla ya Juba kulipuka. Kwa kipimo hicho hicho kimoja nasema alihukumiwa upesi mno, na nasema pia kwamba raia wa Juba walistahili ulinzi ambao hawakuupata. Yote mawili ni kweli, na Schieffelin nayo inabaki pale nilipoiweka.

Mchangiaji wa Lang'ata

Mmezungumzia nchi za watu kwa kirefu, na mmenifunza. Mimi namkumbuka jenerali kwa jambo la hapa hapa mjini. Januari 2008, Uhuru Park ikiwa imezungukwa na polisi wa GSU, kulikuwa na mkutano kila asubuhi katika hoteli ya Serena ulioitwa wa Raia Wanaojali Amani. Naomba mwanzisha uzi aligusie, kwa maana vijana wengi hawalijui.

Mwanzisha uzi, Nairobi West

Asante kwa kunikumbusha. Siku ya mwisho ya Desemba 2007, watu watano walikutana kuona wafanye nini huku nchi ikiwaka baada ya matokeo ya uchaguzi: Dekha Ibrahim Abdi, George Wachira, Balozi Bethuel Kiplagat, Luteni Jenerali Lazaro Sumbeiywo na Luteni Jenerali Opande. Wawili walikuwa majenerali waliostaafu. Sumbeiywo alikuwa amesimamia mazungumzo ya Sudan yaliyozaa mkataba uliotiwa saini hapa Nairobi Januari 2005, na Opande alikuwa ametoka Liberia miaka mitatu tu kabla ya hapo.

Mikutano ya Serena ilikuwa wazi kwa yeyote. Mtu alitoka Kibera au Mathare, akasema barabara gani imefungwa, nani amechomewa nyumba, vijana gani wanakusanyika wapi, na waliokuwapo wakagawana kazi: huyu awapigie wabunge, huyu vyombo vya habari, huyu viongozi wa dini. Nikiutazama utaratibu huo naona taarifa ya asubuhi ya makao makuu ya kikosi: hali ilivyo usiku uliopita, kilichobadilika, nani anakwenda wapi leo, nani anarudi kuripoti. Kofi Annan alifika tarehe 22 Januari, na mapatano ya kitaifa yakatiwa saini nje ya Harambee House tarehe 28 Februari, baada ya Wakenya zaidi ya 1,100 kuuawa. Siwezi kusema ni kiasi gani cha utulivu kilitokana na mikutano ile. Naweza kusema kwamba afisa aliyeona wapiganaji wa Makeni na Monrovia akiwa na cheo na vikosi, alikaa katika ukumbi wa hoteli mjini kwake bila cheo wala kikosi, akafanya sehemu ya kazi ile ile.

Habari za Jenerali Sumbeiywo na mazungumzo ya Sudan kule Machakos zinastahili uzi wake, nami nitaufungua wiki ijayo. Mzee wa Kahawa, ukipata nafasi, tuandikie zaidi kuhusu doria za usiku na jinsi kombania zilivyopokezana lindo. Dada wa Kayole si peke yake anayesubiri kusoma hayo.